Kabla Hujanunua Bunduki Kuukuu ya Kuwindia

Hapa Mwatate, mahali ambapo barabara itokayo Voi hugawanyika, moja ikipanda Wundanyi na nyingine ikishika njia ya Bura, Maktau na Taveta, mazungumzo ya sokoni hayakawii kufika kwenye ndovu, na mazungumzo ya ndovu hayakawii kufika kwenye bunduki. Hakosekani mtu aliyesikia kwamba mzee fulani ng'ambo ya mpaka anauza bunduki ya zamani, nzima kabisa, iliyotumiwa na Mzungu mwindaji, kwa bei isiyozidi ya ng'ombe wawili. Msikilizaji aliyeliwa mahindi usiku wa kuamkia jana huanza kupiga hesabu.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya msikilizaji huyo, na pia kwa ajili ya wale wanaonunua kwa haki: mwenye ranchi aliye na cheti, mlenga shabaha wa klabu, na jirani yetu wa Tanzania ambako wanyama huwindwa kwa leseni hata leo. Bunduki kuukuu yaweza kuwa chombo kizuri kuliko nyingi za siku hizi. Yaweza pia kumpasukia mwenyewe usoni.

Kwanza nitaje habari ya sheria, maana pasipo hiyo mengine yote hayana faida. Katika Kenya hapana mtu awezaye kununua, kuuza, kurithi wala kuweka bunduki nyumbani bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na vyeti hivyo hutolewa kwa idhini ya Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti hutangulia, bunduki hufuata. Muuzaji anayekukabidhi bunduki kabla hujamwonyesha cheti chako anavunja sheria, nawe umeivunja pamoja naye. Bunduki iliyonunuliwa upande wa Tanzania na kupitishwa Taveta bila kibali cha kuiingiza nchini ni kosa, hata kama muuzaji alikuwa na karatasi zake halali huko kwao.

Tena cheti cha bunduki si ruhusa ya kuwinda. Uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya mwezi wa Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imekaza zaidi. Mkulima aliyeliwa shamba na ndovu yampasa apeleke habari kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ajaze fomu ya fidia. Sheria hiyo yataja shilingi milioni 5 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na mazao kulipwa kwa bei ya soko. Ni kweli fidia hizo zimechelewa mno, na watu wa Taita Taveta wamelalamika miaka mingi, wala si bure. Walakini mtu aliyempiga ndovu risasi ya .303 kwenye mwanga wa kurunzi, mara nyingi hakumwua, bali amempa jeraha. Ndovu huyo atarudi, na atakayekutana naye alfajiri huenda akawa ni mtoto aendaye shule.

Baada ya hayo, na tuitazame bunduki yenyewe.

NAMNA ZILIZOFIKA KWETU

Bunduki tunazozinena ni zile zenye komeo la chuma linaloendeshwa kwa mkono. Ukiliinua na kulivuta nyuma, ganda la risasi iliyokwisha kupigwa hutoka. Ukilisukuma mbele, risasi nyingine huingia katika chumba chake. Ukiligeuza chini, limefungwa. Kazi ni hiyo tu, na kwa kuwa ni kazi rahisi, bunduki ya miaka mia yaweza bado kuifanya.

Nchi yetu hii imeziona mapema. Mwaka 1898, Patterson alipowaua simba wawili waliokuwa wakiwala wafanya kazi wa reli kule Tsavo, alitumia bunduki ya .303. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, na Waingereza wakajenga reli ya vita kutoka Voi, ikapita Mwatate, ikafika Maktau katikati ya mwaka 1915, na kuendelea. Majeshi ya Waingereza, Wahindi, askari wa K.A.R. na Waafrika Kusini yalipita katika nchi hii kwenda Mbuyuni, Salaita na Latema. Miongoni mwao alikuwa Selous, mwindaji aliyejulikana dunia nzima, ambaye aliuawa Beho Beho, upande wa Rufiji, mwezi wa Januari 1917. Ukienda makaburi ya vita ya Voi, Maktau na Taveta utayaona majina ya wengi waliobaki huku.

Naitaja vita hii kwa sababu bunduki nyingi kuukuu zilizomo katika Afrika Mashariki zimetokana nayo, au na ile ya pili, au zimeundwa kwa mfano wa bunduki za vita. Askari wa Wajerumani walipoanza vita, wengi wao walikuwa na bunduki ya mwaka 1871, yenye komeo lakini bila magazini, ya kutia risasi moja moja. Risasi yake ni nene, milimita 11, na baruti yake nyeusi hutoa moshi mwingi hata adui ajue mara moja mpigaji yuko wapi. Ukiletewa bunduki ya namna hii, jua kwamba ni kitu cha makumbusho. Wala usithubutu kuitilia baruti ya kisasa.

Bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 ni jambo lingine. Hiyo ndiyo mama wa karibu bunduki zote za kuwindia za komeo. Utaitambua kwa ukucha mrefu wa chuma ulio ubavuni mwa komeo, ambao hulishika ganda tangu linapotoka katika magazini mpaka linapotupwa nje. Mbele ya komeo yako meno mawili makubwa ya kufungia, na la tatu liko nyuma, la kumwokoa mpigaji kama yale mawili yakivunjika. Mwishoni mwa komeo, juu, kuna kibawa kidogo cha kuzuia risasi isitoke, kinachogeuzwa kwa kidole gumba na kukaa mahali patatu. Magazini yake imejificha ndani ya ubao na huchukua risasi tano. Nayo hujikoki wakati unapoliinua komeo.

Lee-Enfield ya Waingereza hujikoki unaposukuma komeo mbele, na hiyo ni dalili ambayo hata kipofu aweza kuijua kwa mkono wake. Magazini yake hutokeza chini mbele ya kifyatulio, nayo huchukua risasi kumi. Meno yake ya kufungia yako nyuma, wala si mbele, ndiyo maana komeo lake ni jepesi na la haraka, lakini halina nguvu ya kuhimili risasi kali kama Mauser. Katika Lee-Enfield fupi ya Vita Kuu, tazama ukosi wa chuma ulio nyuma ya komeo upande wa kulia, pale unapoishika kwa kiganja. Hapo utasoma taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda na mwaka. Enfield na BSA ni za Uingereza, Lithgow ni ya Australia, na herufi G.R.I. pamoja na jina la Ishapore ni za India. Mzee aliyekuwa K.A.R. angeweza kukueleza yote haya bila kuvaa miwani.

Wengi walizichukua bunduki hizo za vita wakakata ubao wa mbele, wakapunguza uzito, wakaziita za kuwindia. Si vibaya, kama kazi ilifanywa na fundi. Lakini fundi wa kweli hakati mtutu kwa msumeno wa chuma kisha akauacha mdomo wake una makovu. Mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapoguswa. Ukiwa umepinda au umeliwa upande mmoja, usitumaini shabaha.

Halafu ziko zile zilizoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mawindo. Kampuni ya Mauser iliuza mitambo yake kwa mafundi wa London, nao wakatia mitutu na ubao wao. Rigby alitoa .275, ambayo kwa kweli ni risasi ile ile ya Mauser ya milimita 7, na mwaka 1911 akatoa .416 ya wanyama wakubwa. Holland & Holland walitoa .375 Magnum mwaka 1912, nayo yatumika mpaka leo kila mahali. Wajerumani walikuwa na 9.3x62 ya mwaka 1905, iliyopendwa sana na walowezi wa upande wa Tanganyika. Iko pia Mannlicher-Schönauer ya Austria ya mwaka 1903, ndogo, nzuri kama kito, ubao wake ukifika mpaka mdomoni na mkono wa komeo ukiwa bapa kama kisu cha siagi. Kutoka Marekani ilikuja Winchester Model 70 iliyoanza 1936. Wajuzi huzitaka zile zilizotengenezwa kabla ya 1964, maana mwaka huo kiwanda kilipunguza gharama, na wanunuzi wakaona.

Wauzaji hupenda sana kumtaja Bell wa Karamoja, aliyeua ndovu zaidi ya elfu, wengi wao kwa .275 ndogo. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini Bell alijua mahali ubongo ulipo katika kichwa cha ndovu kutoka kila upande, na alifyatua pale tu alipokuwa na hakika. Tangu zamani wawindaji wa Afrika Mashariki wameshika .375 kuwa ndogo ya mwisho kwa nyati, simba na ndovu, na muuzaji anayekuambia vingine anataka fedha zako.

JINA KUBWA SI USHAHIDI

Jina la London likichorwa juu ya mtutu huongeza bei mara nyingi, na kwa sababu hiyo wako watu waliojifunza kulichora. Tazama maandishi kwa kioo cha kukuzia. Maandishi ya kiwanda huwa sawasawa, kingo zake zimelainika kwa kushikwashikwa, na rangi ya chuma ndani yake ni ile ile ya nje. Yaliyochorwa juzi huwa makali, na ndani yake hung'aa.

Dawa iliyo bora ni leja. Rigby na Holland & Holland waliandika kila bunduki katika daftari: namba yake, risasi yake, tarehe na jina la mnunuzi wa kwanza. Ukiwaandikia na kutaja namba, wanaweza kukutafutia. Sisi makarani hucheka watu wanapodharau kazi ya kuandika madaftari. Hapa karani aliyekufa zamani anakuokolea mamia ya maelfu ya shilingi.

Mfano bora tunao karibu. Jim Corbett, yule mwindaji wa chui wa India walao watu, alihamia Nyeri akafa huko mwaka 1955. Bunduki yake ya .275 ya Rigby alipewa zawadi kwa kumwua tigeri wa Champawat mwaka 1907, nayo ina kibati cha fedha kieleza habari hiyo. Baada yake ilikaa kwa wachapishaji wa vitabu vyake, na mwaka 2015 kampuni ya Rigby yenyewe ikainunua tena. Hakuna aliyeuliza kama ni ya kweli, kwa kuwa njia yake yote ilijulikana, mkono kwa mkono. Bunduki isiyo na historia, hata ikipambwa kwa hadithi tamu namna gani, ilipiwe kama bunduki ya kawaida.

KUIKAGUA

Ukipewa bunduki mkononi, elekeza mdomo mahali pasipo na mtu, fungua komeo, tazama ndani ya chumba, kisha tia kidole uhakikishe. Fanya hivyo hata kama mwenyewe amekwisha kufanya mbele yako. Asiyekuruhusu, mrudishie bunduki yake uende zako.

Soma namba. Katika Lee-Enfield namba iliyo kwenye kiunzi cha chuma yapasa iwe sawa na ile iliyo kwenye mkono wa komeo, na katika Mauser ya jeshi vivyo hivyo. Zikitofautiana, komeo lilitoka katika bunduki nyingine. Hili si jambo la urembo. Kila komeo lilipimwa na chumba chake ili nafasi iliyobaki nyuma ya risasi iwe ndogo kabisa. Nafasi ikizidi, ganda hutanuka likakatika karibu na tako lake, na moto wa baruti ukarudi nyuma kuelekea jicho la mpigaji. Fundi mwenye leseni ana vipimo vya chuma vya kulipima jambo hili, na kazi yake ni ya dakika chache. Kama hakuna fundi karibu, mwombe muuzaji akuonyeshe maganda yaliyopigwa kwa bunduki hiyo. Ukiona mstari unaong'aa umezunguka ganda juu kidogo ya tako, hiyo ndiyo alama ya ganda lililokaribia kukatika.

Toa komeo nje, panga mdomo kuelekea mwanga, utazame ndani ya mtutu. Mifereji inayozunguka yapasa ionekane wazi, yenye kingo. Mauser huwa na minne ikizunguka kulia, Lee-Enfield kwa kawaida mitano ikizunguka kushoto. Ukiona mashimo madogo kama uso uliopata ndui, sababu yake ni fataki za zamani za jeshi, ambazo chumvi yake huvuta unyevu na kula chuma. Mafuta peke yake hayaiondoi chumvi hiyo. Huondolewa kwa maji ya moto, kisha mtutu ukaushwe ndipo upakwe mafuta. Wengi hawakujua hayo, na mitutu mingi ya pwani imekufa hivyo. Mashimo machache si mwisho wa bunduki, ila yakiwa ndani ya chumba cha risasi usinunue. Uvimbe au pete ya kivuli katikati ya mtutu ni dalili kwamba iliwahi kupigwa ikiwa na kizuizi ndani, labda udongo au kitambaa. Hiyo pia iache.

Ubao nao una habari zake. Chunguza nyuma ya komeo, mahali pembamba pa kushikia. Ufa mwembamba hapo huongezeka kila risasi ipigwapo, na katika bunduki za risasi kubwa ndipo zinapovunjikia. Ubao mweusi ulionyonya mafuta miaka mingi huwa laini kama mkate. Rangi mpya inayong'aa juu ya bunduki ya mwaka 1910 si sifa. Yawezekana kitu kimefichwa chini yake.

Hatimaye jaribu kizuizi. Hakikisha bunduki ni tupu, ikoki, weka kizuizi, vuta kifyatulio kwa nguvu, achia, kisha ondoa kizuizi taratibu. Ikifyatuka yenyewe wakati huo, kuna sehemu iliyokwisha kulika.

RISASI NDIYO SWALI KUBWA

Watu wengi huuliza bei ya bunduki wakasahau kuuliza risasi. Kuna bunduki nzuri sana zilizobaki ukutani kwa sababu risasi zake hazipatikani ila kwa kuagizwa ng'ambo kwa gharama kubwa; .318 ya Westley Richards ni mojawapo. Lakini .303, .375, 9.3x62 na 7x57 zingali zinatengenezwa.

Hatari kubwa imo katika Mauser za milimita 8. Mitutu ya kwanza ya 1888 ilifanywa kwa risasi yenye unene wa inchi .318. Mwaka 1905 Wajerumani wakabadili, wakatumia risasi ya inchi .323, na ganda lake ni lile lile. Kwa hiyo risasi mpya inaingia vizuri katika chumba cha bunduki ya kale, na hapana kitu kitakachokuonya mpaka ufyatue. Mitutu ya risasi mpya mara nyingi ina herufi S. Ikiwa huioni, mtutu upimwe na fundi kabla ya risasi yo yote.

Tafuta pia alama za majaribio chini ya mtutu na kwenye kiunzi. London na Birmingham kila bunduki ilijaribiwa kwa risasi kali kupita kiasi kabla ya kuuzwa, ikapigwa muhuri. Herufi NP au BNP, pamoja na taji au mkono ulioshika upanga, huonyesha ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Wajerumani walitumia herufi N chini ya taji.

Kama bunduki umeikuta, yaani hukuinunua, iwe chini ya paa la marehemu babu au imefukuliwa katika mahandaki ya Salaita, usiijaribu wala usiisafishe. Mwite polisi aje aichukue, na risasi zilizo pamoja nayo zisiguswe kabisa. Warithi wa mtu aliyekuwa na cheti nao wapeleke habari kituoni mapema, maana cheti hakirithiwi pamoja na shamba.

Na mkikubaliana bei, stakabadhi iandikwe jina la mtengenezaji, aina ya risasi, namba ya kiunzi, namba ya mtutu na namba ya komeo, kila moja peke yake hata kama ni sawa, pamoja na namba za vyeti vyenu wote wawili. Nakala moja kaa nayo mwenyewe, na nyingine ipelekwe kwa afisa wa leseni pamoja na bunduki.